Mhina Kando ya Tangi

Nawoitorong, Lodwar
19 Januari 2025

Mpendwa Ayaan,

Ejok? Jibu lake nalijua, kwa hiyo nalisikia likitoka huko Kakuma: ejok nooi, salama kabisa.

Ninaandika nikiwa nimekaa mlangoni pa chumba chenu. Nyanya hajapata mpangaji mwingine tangu mhame mwezi uliopita, na nadhani hajatafuta. Bado kunanukia ubani wa mama yako. Mimi hufagia kila Jumamosi, ingawa hakuna anayechafua humo isipokuwa upepo.

Nakuandikia hasa kuhusu mhina. Siku mliyoondoka, mama yako alinishika mkono kabla hajapanda lori akasema, "Asekon, mti huu ni mtoto wa mti wa mama yangu. Ulitoka Kismayu ukiwa kijiti ndani ya kopo la maziwa. Uangalie." Nikasema nitauangalia. Sasa naona niliahidi jambo nisilolijua.

Mti wenyewe ni mzima. Umetoa maua, na jioni ua mzima unanukia. Shida ni watoto wake. Machipukizi yanatokeza kila mahali: katikati ya kunde za Nyanya, chini ya kamba ya nguo, na moja limepenya kwenye ufa wa simiti inayobeba tangi la maji. Nyanya alikuja na jembe, akasimama mikono kiunoni, akasema, "Hii mti ya mama Ayaan inazaa kuliko mbuzi. Mimi nilimpatia shimo moja. Shimo moja! Leo inatembea kwa boma yangu kama askari." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Tafadhali muulize mama yako nifanye nini. Ningepiga simu, lakini unamjua Nyanya. Hataki simu ndani ya nyumba, anasema hawezi kuamini sauti ya mtu asiyemwona uso. Barua hii nitampa baba yako akipita na lori Jumanne.

Rafiki yako,
Asekon


Kakuma
2 Februari 2025

Asekon wangu,

Ejok nooi! Nimejibu kwa sauti mpaka Sabrin akaniuliza ninaongea na nani. Mdogo wangu huyu anadhani nimeanza kurukwa na akili kwa sababu ya joto.

Barua yako ilifika ikinuka dizeli. Baba aliileta kifuani, ndani ya shati, akasema barua ya wanafunzi wa kidato cha tatu ni mzigo wa serikali, haiwekwi pamoja na vitunguu.

Shuleni nimekaa dawati moja na msichana anaitwa Nyaduoth, ni mrefu hadi mwalimu wa hesabu humwomba afute ubao juu kule asikofika. Nampenda, lakini hajui kunyamaza kama wewe. Mama amepata kibanda sokoni. Anauza ubani na kupaka hina mabibi harusi. Hina ya kununua haimpendezi, anasema imechanganywa vijiti na vumbi la njiani. Anataka majani ya mti wake.

Nilimsomea barua yako. Ulipofika pale pa Nyanya na jembe, alishika kichwa. "Mwambie Asekon aweke jembe chini leo hii! Mhina una kiburi. Ukiujeruhi mzizi mmoja, unajibu kwa watoto kumi."

Haya ndiyo maneno yake, nimeyaandika vile alivyosema. Usikate chipukizi juu ya ardhi, maana litarudi na ndugu zake. Lifuate kwa kidole chini ya mchanga mpaka ufike lilipokaa juu ya mzizi, kisha ulivute kuelekea chini ling'oke na kisigino chake, kile kinundu linaposhikia mzizi. Fanya hivyo likiwa bado jembamba kama penseli, na mchanga uwe na unyevu. Usimwagilie mahali pengine popote, maji yote yaende kwa mama mti. Na kama bado yanatembea, chimba mtaro wa kufika goti kuuzunguka mti, usimamishe mabati ndani yake, ukingo utokeze juu kidogo ili mizizi isiruke.

Msalimie Nyanya Atiir. Baba anasema umwambie Nyanya, yaani mchumba wake, kwamba tumbaku iko njiani.

Wako,
Ayaan


Nawoitorong, Lodwar
23 Februari 2025

Mpendwa Ayaan,

Ushauri wa mama yako ulifika nikiwa nimeshakosea. Wiki nzima nilikuwa nimelima kwa jembe, nikidhani nimefanya kazi nzuri, nikakata mizizi vipande vipande. Sasa palipokuwa na chipukizi moja pana kichaka. Nilipoyaona yametoka pamoja hivyo, yakiwa mekundu kidogo kwenye ncha, nilitaka kulia.

Lakini nimejifunza. Baada ya shule nalowesha mchanga kwa maji ya kuoshea vyombo, napiga magoti, nalifuata kila moja kwa kidole. Likitoka na kisigino chake linatoa mlio mdogo, kama kidole kinachovunjwa kwa uchovu. Nyanya huja na kigoda chake kunitazama. Juzi aliniuliza, "Unatafuta nini huko chini, meno ya babu yako?" Nikamwonyesha kisigino. Alikigeuzageuza mkononi, akasema, "Kumbe hii ndiyo inashikilia." Kisha akaingia ndani.

Tumechimba mtaro upande wa kunde na kusimamisha mabati ya banda la kuku la zamani. Yametosha upande huo tu. Upande wa tangi bado uko wazi, na huko ndiko Nyanya anakoogopa. Unajua tangi lile alilinunua kwa kuuza mbuzi wake wengi, na hata majirani hupewa maji yake mabomba yakikauka. Amesema upande wa tangi ukifungwa, mti ukae. Usipofungwa, ataung'oa wote, mama na watoto.

Muulize baba yako kama anaweza kupata mabati.

Rafiki yako,
Asekon


Kakuma
16 Machi 2025

Asekon wangu,

Nakuandikia nikiwa na njaa, kwa hiyo usishangae mwandiko. Ramadhani mwaka huu imekuja na jua la kuchoma mpaka sufuria zinalalamika.

Wanawake wameanza kujiandikisha kwa Mama kwa ajili ya Idi, na yeye anawaambia wote, "Ngojeni, hina yangu inatoka Lodwar." Anajivunia kana kwamba Lodwar ni ng'ambo. Baba atakuja mwenyewe kuchuma wiki ya mwisho ya mwezi huu, umsaidie tafadhali. Majani tu, vijiti viachwe.

Habari njema: Baba amesema mabati ya upande wa tangi ni juu yake. Kuna jirani anavunja banda na amempa. Anasema yakiwekwa vizuri mizizi itagonga kichwa na kurudi ilikotoka, kama yeye alivyogonga mlango wa babu yangu alipokuja kuposa.

Nilimuuliza Mama kwa nini tusipande mwingine hapa. Akasema kwanza ajue kama tutakaa. Mama yangu hupanda mti akishajua.

Wako,
Ayaan


Nawoitorong, Lodwar
20 Aprili 2025

Mpendwa Ayaan,

Leo ni Pasaka na tumerudi kutoka kanisani. Nina mengi ya kukueleza, maana baba yako amekuja mara mbili tangu uliponiandikia, na mara zote uani palikuwa na kelele kama sokoni.

Mara ya kwanza alichuma majani kabla ya Idi. Alhamisi alikuja tena kupima mtaro. Nyanya alikuwa ameketi kivulini pa tangi, akajifanya hamwoni.

"Ejok, mchumba!" baba yako akasema.

"Mchumba ya nani? Wewe uko na ng'ombe ya mahari?"

"Nina lori."

"Lori inakamuliwa?"

Baba yako alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akampa tumbaku, na Nyanya akaipokea kwa mikono miwili na kuinusa akiwa amefumba macho. Alimuuliza, "Kwa nini umekonda?" Akajibu, "Ni mapenzi yako, nyanya, yananimaliza." Lakini nilimwona akiketi mara kwa mara wakati wa kupima, na alikunywa maji mengi. Alisema ni uchovu wa mfungo ambao haujamtoka mwilini.

Alipomaliza kupima alisema atayakata mabati huko Kakuma, ayakunje kingo ili mtu asijikate, ayalete safari yake ijayo. Nyanya alimpa mkono. "Sawa. Mimi nangoja Bare. Siguzi mti mpaka Bare alete mabati." Ayaan, Nyanya hajawahi kumngojea mtu hivyo, hata Mjomba Ekiru ambaye ni mwanawe wa kumzaa.

Tena kuna siri, usimwambie baba yako. Nyanya amemwomba mzee mmoja amchongee ekicholong. Unakijua, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume hukalia mchana na kulazia kichwa usiku. Anasema mtu anayelala ndani ya lori anahitaji mahali pa kuweka kichwa.

Rafiki yako,
Asekon


Kakuma
18 Mei 2025

Asekon,

Natumaini mko salama wewe na Nyanya.

Barua hii inaletwa na Wandera. Ndiye anayeendesha lori siku hizi. Ni mtu mzuri, mpe maji akifika.

Mama anasema usitume majani kwa sasa. Hatumii hina. Hata kibanda amekifunga.

Mabati hayajaja, najua. Tafadhali endelea kwa kidole kama ulivyofundishwa, hasa upande wa tangi.

Samahani barua ni fupi. Nina kazi nyingi nyumbani.

Ayaan


Nawoitorong, Lodwar
8 Juni 2025

Mpendwa Ayaan,

Sijui nianzie wapi. Nimekukosea?

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara nyingi. Nilifikiri mama yako amekataza majani kwa sababu ya mambo niliyokueleza, kwamba nilikata mizizi kwa jembe. Labda mti uliojeruhiwa hutoa majani mabaya. Kwa hiyo nilitaka kurekebisha. Idi ya kuchinja ilipokaribia nilichuma majani bora kuliko yote, ya matawi ya juu yanayopata jua, nikayakausha kivulini, nikatoa kila kijiti. Nyanya naye akaweka ekicholong chake juu, amekifunga kwa kitambaa. Wandera akabeba.

Jana amerudi. Mfuko wa majani umerudi naye, fundo langu likiwa limefunguliwa na kufungwa tena. Kigoda hakikurudi, lakini pia hakuna salamu iliyokuja. Nyanya alimuuliza, "Bare amesema nini?" Wandera alitazama magurudumu. Akasema ana mzigo wa kuwahi, akapanda akaondoka, hata maji niliyomletea hakumaliza.

Nyanya ameuweka ule mfuko juu ya meza na anautazama. Kwetu, Ayaan, ukirudishiwa ulichotoa, umeambiwa usirudi. Amesema, "Kakuma iko na watu wengi. Bare amepata nyanya ingine." Alisema kama mzaha, lakini tumbaku imemwishia na hataki nimnunulie dukani.

Kama ni kosa langu niambie, niombe msamaha. Kama baba yako ameudhika na mzaha wa mahari, niambie pia.

Asekon


Kakuma
29 Juni 2025

Asekon wangu,

Hukunikosea. Hakuna aliyekosa kwenu. Wallahi, nakuomba uamini hilo hata kama hutaelewa mengine.

Majani yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyefungua fundo, nikatia uso ndani ya mfuko nikanusa ua wenu wote. Mama aliniona. Akasema kwa upole yarudishwe, kwa sababu hayawezi kukaa mbele yake wakati huu. Si dharau. Ni wakati tu.

Kigoda tunacho. Kiko juu ya kabati, na Mama hukipangusa vumbi kila asubuhi.

Mama amenipa maneno ya kuandika, nami nayaandika kama yalivyo: "Mwambie mama yangu Atiir kwamba nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu, mwezi wa Septemba ukishafika katikati. Kabla ya hapo siwezi kusafiri. Mwambie anisubiri, na mti unisubiri." Nilimwomba aniruhusu niandike zaidi ya hapo. Akasema kuna maneno ambayo nyanya yako hawezi kuyapokea kwenye karatasi, na kwamba wewe mwenyewe ulituambia haamini sauti isiyo na uso.

Asekon, usiniulize. Ukiniuliza nitakujibu, na nimekatazwa.

Zuia mizizi ya upande wa tangi. Hata kwa mawe, hata kwa masufuria ya zamani.

Ayaan


Nawoitorong, Lodwar
27 Julai 2025

Mpendwa Ayaan,

Nimeahirisha barua hii kwa siku nyingi, lakini hainiwii nyepesi.

Niliweka mawe. Niliweka debe lililopasuliwa na mlango wa jiko la zamani. Mizizi ilipita chini yake. Jumatatu nilipotoka shule nilikuta uani kumelowa mpaka barabarani na watoto wa majirani wanachezea matope. Simiti ilikuwa imeinuka upande mmoja kama mtu anayeinua bega, tangi likalalia ubavu, likapasuka pale bomba linapoingia. Maji yote yalikwenda. Nyanya alikuwa amesimama katikati na viatu mkononi.

Aliingia ndani akatoka na shoka.

Nilisimama mbele ya mti. Nilimwambia, "Nyanya, ulisema utamngoja Bare. Ulimpa mkono."

Akasema, "Nimengoja. Mtu anangojwa akiwa njiani. Bare hayuko njiani."

Nikamwambia mama yako anakuja Septemba, nikamsomea tena maneno yake. Akasema, "Sikumpa mkono mama Ayaan. Nilimpa Bare. Kama hataki kuja, angetuma hata matusi. Mimi ningejua kwamba ananikumbuka." Kisha akanisogeza kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anavyosogeza mbuzi mwenye mimba.

Aliukata mwenyewe. Ana miaka mingi, unajua, na alipumzika katikati, na sikumsaidia wala sikumzuia. Ulipoanguka harufu ilijaa kila mahali. Limebaki shina la kufika kifundo cha mguu. Matawi ameyatupa kwenye uzio.

Ameniagiza ning'oe kila chipukizi litakalotoka. Namtii, kwa sababu ni nyanya yangu, na nyumba ni yake, na maji yalikuwa yake. Lakini niliwaahidi ninyi kwanza. Nisamehe. Mwambie mama yako anisamehe.

Asekon


Kakuma
10 Agosti 2025

Asekon wangu,

Nimesoma barua yako nje, nyuma ya nyumba, ambapo mabati yameegemea ukuta. Ndiyo, mabati yapo. Yamekatwa, na kingo zimekunjwa zote kwa nyundo. Yamekuwa tayari tangu mwanzo wa mwezi wa tano.

Sijamwambia Mama kwamba mti umekatwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu namficha jambo, na nawaficha ninyi jambo lake. Nimekuwa kama ukuta uliosimama kati ya nyumba mbili, na kila upande unanigonga ukiniuliza upande wa pili kuna nini.

Usiombe msamaha. Ulisimama mbele ya shoka. Nani mwingine angesimama?

Lakini nisikilize. Mama alisema nini siku ya kwanza? Mhina una kiburi. Ukiujeruhi, unajibu. Mti uliokatwa kwa shoka na mizizi ikaachwa chini haujafa, sasa hivi uko huko chini unatafuta mahali pa kutokea. Yametoka mangapi? Sikuombi umwasi Nyanya. Nakuomba moja. Moja tu, mahali asipopita.

Mama akifika akute kitu chenye jani.

Ayaan


Nawoitorong, Lodwar
21 Septemba 2025

Mpendwa Ayaan,

Mama yako ataibeba barua hii kesho asubuhi. Sasa hivi amelala katika chumba chenu, juu ya mkeka, na sikuhitaji kufagia kwa kuwa nilifagia jana.

Najua sasa. Pole, rafiki yangu. Pole wewe, pole Sabrin. Nimezisoma tena barua zako zote, na ile fupi ya Mei nimeisoma nikiwa nimefunika mdomo. Uliandika kwamba una kazi nyingi nyumbani.

Nataka nikueleze jana ilivyokuwa, kwa sababu hukuwepo na kwa sababu miezi hii yote ulikatazwa kueleza wewe.

Lori la Wandera lilisimama mbele ya uzio kabla ya saa sita. Mama yako alishuka. Nilimtambua kwa mwendo, lakini nilipompa mkono nilishtuka. Sijawahi kuona vidole vyake bila rangi. Kucha zilikuwa nyeupe kama za mtoto. Alinikumbatia, halafu akaliona shina lililobaki nyuma yangu. Alikwenda akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya pale palipokatwa, kama unavyompima mtu homa.

Nyanya alikuwa ndani na mlango ameurudisha. Akasema kwa sauti, "Mwambie mgeni mti hakuna. Imekufa. Kama alifuata majani, mfuko yake iko juu ya meza."

Wandera akaanza kushusha mabati. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani, na alipoyaweka chini yakalia.

Ayaan, mlango ulifunguka. Nyanya alitoka haraka, bila viatu, akajaribu kukunja uso lakini haukukunjika. "Bare ameleta?" akauliza. "Nyinyi mnaona? Ameleta! Yuko wapi? Asijifiche kwa lori, mimi sitampiga. Nitamtukana kidogo tu."

Wandera alivua kofia.

Mama yako alimwendea, akamshika mikono yote miwili. "Mama, kaa chini kwanza."

"Siwezi kaa. Bare yuko wapi?"

"Kaa chini, mama. Nimekuja na uso wangu ili uniamini."

Nyanya akakaa chini palepale, juu ya mchanga. Mama yako akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana, akamwambia. Kwamba homa ilimshika mwanzoni mwa Mei. Kwamba alikataa kulala mpaka amalize kukunja kingo, akisema Atiir asije akajikata akilima kunde zake. Kwamba aliugua siku chache tu, na walimzika Kakuma siku ileile aliyofariki. Kwamba yeye alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ambamo mjane wa Kiislamu hasafiri, hajipambi, wala hagusi hina. Na kwamba hakutaka Nyanya asomewe habari hiyo kwenye karatasi ya mtoto wa shule, wala aisikie kwa dereva dirishani, kwa sababu Bare asingependa. "Nilisema nitakuja mwenyewe. Nilihesabu siku za eda, na kila siku niliona uso wako. Sikujua kwamba unamngoja hivi."

Mbuzi wa jirani walikuja wakanusa mabati wakaenda zao. Kisha Nyanya akainua mikono nyuma ya shingo, akaanza kuvua shanga zake. Sijawahi kuona shingo ya Nyanya tangu nizaliwe. Alizitoa uzi mmoja mmoja, akaziweka juu ya kanga ya mama yako, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyororo na changa, kana kwamba si yake. Kwetu mwanamke huvua shanga akifiwa na mtu wa nyumba yake.

Mama yako alimzuia mkono. "Mama, basi. Mimi eda yangu imekwisha."

"Wewe umemaliza," Nyanya akasema. "Mimi ndiyo naanza."

Hapo ndipo walipolia, wote wawili, na mimi nikaingia jikoni kwa sababu sikujua pa kuweka mikono yangu.

Leo alfajiri nilimkuta Nyanya uani peke yake na sururu, anachimba mtaro upande wa tangi. Tangi jipya hatuna bado, ni simiti tu iliyovunjika. Tulichimba wote watatu mpaka magotini. Kabla hatujasimamisha mabati, Nyanya alitoa kitu kwenye ukingo wa nguo yake. Ilikuwa tumbaku, kipande kidogo, cha mwisho alicholetewa mwezi wa Aprili. Kumbe hakikuwa kimeisha, alikihifadhi. Alikiweka chini kabisa ya mtaro, maana kwetu aliyekufa hupewa tumbaku yake. Mama yako aligeuka akatazama uzio mpaka Nyanya alipomaliza, kisha akamsaidia kushindilia mchanga. Mabati yameingia kama yalivyopimwa. Hakuna kona iliyobaki wazi.

Halafu Nyanya akataka karai la kunawia. Lakini karai hilo nilikuwa nimelitumia kufunika chipukizi moja kando ya msingi wa tangi, upande wa shina, tangu barua yako ya Agosti. Mimi hulifunua nikiwa uani peke yangu na kulifunika tena nikimwona anakuja. Nyanya alilifunua mwenyewe. Chipukizi lilikuwa pale, limepinda kidogo kwa kukosa nafasi, na majani yake mabichi.

"Huyu ulinificha?"

"Ndiyo, Nyanya."

Alilitazama. Akaliweka karai pembeni, akachota maji kwenye mtungi wa kunywa, akayamwaga taratibu kwenye mguu wa chipukizi. Tangu nimjue hajawahi kuupa mti ule hata tone. Akasema kuanzia leo nisiguse chochote kilicho ndani ya mabati. Shanga zake zikirudi shingoni, ndipo tutachagua lipi likue na yapi yaondoke.

Mama yako amesema naye hatapaka hina mpaka siku hiyo. Watapaka pamoja, majani ya hilohilo. Nyanya amesema hajawahi kupaka hina maishani mwake na kwamba atachekwa na watu wa mto wote wa Turkwel. Lakini hakukataa.

Nimechimbua chipukizi jingine, la nje ya mabati, pamoja na kisigino na kipande cha mzizi. Nimelipanda ndani ya kopo la maziwa. Mama yako atalibeba mapajani. Nilimuuliza kama sasa anajua kwamba mtakaa Kakuma, naye akasema, "Bare yuko huko. Tutakaa." Lipande mbali na nyumba, umwagilie kidogo, na machipukizi yakianza kutembea, unajua la kufanya.

Ejok, Ayaan? Safari hii usinijibu nooi kama si nooi. Nijibu ilivyo. Nitaisoma.

Rafiki yako,
Asekon